Biti ya G

Wapiga gitaa wengi wanapenda E na A. Nyuzi za gitaa zimepangwa hivyo: ukipiga kwa E, uzi mnene kuliko yote unaachwa wazi, unanguruma wenyewe, na vidole vinabaki na kazi ndogo. Kwa hiyo mtu akikaa chumbani kwake, Texas au Manchester, akarekodi bluzi ya kuwasindikiza wanaojifunza, mara nyingi atarekodi kwa E au kwa A. Mimi nina hamonika moja tu, nayo ni ya C. Hamonika ya C kwenye bluzi inataka G. Biti nyingi ninazozikuta huwa hazinifai hata kabla sijazisikiliza.

Nasema biti kwa sababu ndivyo vijana wa bongo fleva walivyotuzoesha: muziki uliokamilika isipokuwa mtu wa mbele. Wao huacha nafasi ya mwimbaji. Mimi natafuta ulioacha nafasi ya mpiga hamonika, na ni nafasi ngumu kuipata kuliko inavyoonekana.

Nieleze kwanza chombo chenyewe. Hamonika ya kawaida ina matundu 10. Kila tundu lina sauti mbili, moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Kwenye hamonika ya C, ukipuliza popote unapata kodi ya C. (Kodi ya wapiga gitaa, yaani sauti kadhaa zikilia pamoja, ile ya TRA ina habari zake.) Wajerumani waliotengeneza vyombo hivi kwa wingi, akiwemo Matthias Hohner aliyeanza kazi hiyo Trossingen mwaka 1857, walikuwa na nyimbo za kwao akilini, nyimbo za kupuliza. Watu weusi wa kusini mwa Marekani ndio waliokigeuza. Waligundua kwamba ukivuta pumzi kwenye matundu manne ya mwanzo, hamonika ya C inakupa kodi ya G, na sauti hizo za kuvuta zinapinda. Ukishusha ulimi na kubadili umbo la mdomo, sauti inateremka taratibu kama mtu anayeanza kulia akajizuia. Bluzi ya hamonika, kwa sehemu kubwa, ni muziki wa kuvuta pumzi.

Hapa Malindi, juu ya Lushoto, chombo hicho hakikumshangaza mtu. Milima hii imezoea vyombo vya Kijerumani. Lushoto yenyewe waliwahi kuiita Wilhelmstal. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na kanisa la Kilutheri lililokua kutokana na kazi yao lina tarumbeta mpaka leo. Asubuhi ya Pasaka utazisikia kabla hujaona jua. Mgeni mmoja wa kujitolea alipoondoka na kuniachia hamonika yake, bibi jirani aliitazama akasema, "Kumbe tarumbeta la mfukoni." Jina likabaki.

Aliyenifundisha kuitumia alikuwa mdogo wangu, na yeye hajawahi kupuliza hamonika maishani mwake. Alikuwa mpiga gitaa. Alijifunzia kwenye redio, kwenye vipindi vya zilipendwa, akifuata Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, bendi zilizovunjika yeye hajazaliwa. Akisikia wimbo mara mbili alikuwa anaweza kukuambia gitaa la ridhimu linafanya nini chini ya gitaa la solo. Nilipomsikilizisha bluzi kwenye simu, alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Dada, hizi ni kodi tatu zile zile. Wametofautisha mahali pa kugeukia tu."

Alikuwa sahihi. Nyimbo nyingi za dansi zinazunguka kwenye kodi tatu, ya kwanza, ya nne na ya tano. Bluzi ya kawaida inazichukua hizo hizo na kuzipanga katika vipimo 12, kila kimoja mapigo manne: vinne vya G, viwili vya C, viwili vya G, kimoja cha D, kimoja cha C, kisha viwili vya G, na mwishoni kabisa D fupi inayokurudisha mwanzo. Aliita sehemu hiyo ya mwisho "kona ya Soni", kwa sababu ukishateremka barabara ya Mombo ukifika kona zile unajua huna budi kukata, gari liwe na mzigo au lisiwe nao.

Jioni, mimi nikishafunga duka la pembejeo na yeye akitoka kwenye mashine ya kupasua mbao alikokuwa kibarua, tulikaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye moto. Malindi ni baridi. Ukungu ukishuka saa kumi na mbili hauna haraka ya kuondoka. Yeye alipiga vipimo 12 mara arobaini mfululizo bila kulalamika. Mimi nilivuta, nikapotea, nikarudi. Nikipotea alikuwa haniambii niko wapi. Alikuwa akipiga C ya kipimo cha tano kwa nguvu kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa chumba ili mgeni ajue ndicho hiki.

Mwezi wa Agosti, miaka miwili iliyopita, msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Sitaitaja mashine yenyewe. Alikaa hospitali siku tisa. Aliporudi alilitundika gitaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na mlango ukiwa wazi gitaa halionekani.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta biti.

Kufanya mazoezi na bendi isiyokuwepo si jambo la jana. Mwaka 1950, New York, ilianzishwa kampuni ya santuri iliyoitwa Music Minus One, yaani muziki ukitoa mmoja: wapigaji wote wapo isipokuwa wewe. Mwaka 1967 mpiga saksafoni wa Indiana, Jamey Aebersold, akaanza kutoa santuri za namna hiyo kwa wanaojifunza jazi, na kwenye santuri zake alitenganisha vyombo: besi na ngoma upande mmoja wa spika, piano na ngoma upande wa pili. Ukizima upande mmoja, unafanya mazoezi na unaowataka. Mwaka 1990 ikaja programu ya kompyuta, Band-in-a-Box ya Kanada. Unaiandikia kodi, yenyewe inapiga. Siku hizi yote hayo yako kwenye simu, mradi uwe na bando na usimame mahali mtandao unaposhika. Kwangu ni kwenye ukingo wa shamba la viazi, upande wa Magamba, karibu na mti wa peasi.

Pale nilijifunza kuchagua kama ninavyochagua mbegu, kwa kukataa.

La kwanza ni kii. Nikishajua haiko kwenye G, naachana nayo. Zipo programu za kuhamisha kii, lakini ukiivuta biti mbali sana na ilikotoka, besi inalia kama mtu mwenye mafua.

La pili ni mwendo. Mtu anayerekodi biti anajisikia vizuri ikiwa ya haraka. Anayejifunza anataka ya taratibu, mapigo 60 au 70 kwa dakika, apate muda wa kupinda sauti ya tundu la tatu na kuisikia imepinda kiasi gani. Tundu hilo ndilo gumu kuliko yote. Lina sauti tatu zilizofichwa chini ya ile ya kawaida, na ya bluzi yenyewe iko katikati ya mbili, mahali ambapo piano haina ufunguo wake. Kwenye mwendo wa haraka utaipita bila kujua uliipita.

La tatu ni nafasi. Biti nyingi zinazosifiwa kwamba zimejaa zimejaa kweli. Gitaa la solo linajibu kila sentensi kabla hujaimaliza, na kinanda kinaziba matundu yaliyobaki. Bluzi ni mazungumzo: unasema vipimo viwili, unanyamaza viwili. Ukiwa na biti isiyonyamaza, nawe hujifunzi kunyamaza. Biti bora nilizozipata zina ngoma, besi na gitaa moja la ridhimu, basi. Santuri zile za Aebersold zilinipa ujanja: ikiwa vyombo vimetenganishwa, natumia hedifoni ya sikio moja, nabaki na besi na ngoma, na sikio la pili linanisikiliza mwenyewe.

La nne ndilo lililonichukua muda kulitambua. Biti nyingi zimetengenezwa kwa kurekodi mzunguko mmoja na kuurudia mara 20. Kila mzunguko ni sawasawa na wa kabla yake. Mwanzoni hilo ni msaada, kwa sababu hupotei. Baada ya wiki mbili unagundua kwamba unapiga mambo yale yale kila mzunguko, maana hakuna kilichobadilika cha kukujibu. Hata ukipiga vizuri sana, besi haijui.

Nikiwa kwenye utafutaji huo nilikuta faili 11 kwenye memori kadi yangu ya zamani. Nilikuwa nimezirekodi jikoni, simu ikiwa juu ya debe la unga, nipate kujisikiliza. Nyingi nilikuwa nimepiga juu yake, lakini nne zilikuwa gitaa peke yake, kwa sababu siku hizo nilikuwa napika na yeye aliendelea bila mimi. Zote za G. Mwendo wa taratibu. Gitaa moja.

Nilizisikilizia shambani. Zinasikika sufuria, na mahali fulani anakohoa. Kwenye faili ya tatu, mzunguko wa sita, anachelewa kidogo kwenye kona ya Soni, halafu anaingia G kwa utulivu ambao hakuna programu iliyonipa mpaka leo. Nilivuta tundu la pili pale nikaiacha sauti ilie peke yake. Ilitosha. Nilirudia pale pale mara nyingi mpaka viatu vikalowa umande.

Nikajua sasa nina biti nilizokuwa nikizitafuta, na nikajua pia kwamba siwezi kuzipiga nyumbani.

Kwanza nilizitumia yeye akiwa Lukozi siku ya soko. Lakini kijiji hiki hakina siri ya sauti. Ukipiga kitu bondeni, mlima wa pili unakirudisha. Jioni moja alisimama kwenye mlango wa jikoni simu ikiwa bado inalia. Hakusema kitu mpaka mzunguko ukaisha.

"Hapo nilichelewa," akasema.

"Ndipo pazuri."

"Pazuri kwako. Mimi nilikuwa nakuna mguu."

Tulicheka wote wawili. Kisha akauliza ziko ngapi, nikamwambia. Akauliza kama zipo kwenye simu tu au na kwenye kadi. Nikadhani atasema nizifute, nikawa natafuta maneno. Akasema, "Usizifute. Lakini usizipige nikiwa nyumbani."

Hiyo ndiyo sababu sijaacha kutafuta. Watu wanaonikuta chini ya mti wa peasi nikihangaika na simu wanadhani natafuta burudani. Ninatafuta biti ambazo si zake, za kupiga wakati yupo, ili hamonika isigeuke kitu kinachosubiri aondoke.

Kila mwenye bando amemsimulia habari za Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa Ufaransa ambaye gari lake la kuishi lilishika moto mwaka 1928, mkono wa kushoto ukaungua, naye akarudi akapiga solo kwa vidole viwili kwa namna ambayo wenye vyote hawaiwezi. Wanamsimulia kwa nia njema. Mchungaji amemsimulia, mwalimu amemsimulia, na fundi simu wa Lushoto alimwonyesha video. Mara ya mwisho alimsikiliza msimulizi mpaka mwisho, akamshukuru, kisha usiku akaniambia, "Django alibakiwa na shahada na cha kati. Ndivyo vilivyoniondoka mimi." Akanyoosha mkono juu ya meza, kidole cha pete na kidogo, kama mtu anayeonyesha risiti.

Sikuwa na la kujibu. Mimi pia nilikuwa nimeihifadhi video hiyo ili nimwonyeshe siku moja. Niliiacha ikae nilikoiweka.

Nilichomsimulia badala yake kilikuwa habari ya DeFord Bailey, na nilimsimulia kwa sababu ilikuwa inanisumbua mimi, si kwa ajili ya kumtia moyo. Bailey alizaliwa Tennessee mwaka 1899 na aliugua polio akiwa mtoto mdogo. Alipiga hamonika kwenye redio ya Nashville miaka mingi kabla watu weusi hawajakubalika kwenye muziki ule, na mwaka 1927 alirekodi wimbo wa treni, "Pan American Blues". Hana bendi. Hamonika yake ndiyo treni yenyewe: anapuliza na kuvuta kodi kwa kasi, mapigo ya magurudumu hayakatiki, na katikati ya mapigo hayo anachomeka honi. Yeye ni biti na ni mtu wa mbele kwa pumzi moja. Nilitaka kujua anapumulia wapi.

"Treni haipumui," mdogo wangu akasema. "Inapungua mwendo kwenye mlima. Pumulia hapo."

Sisi tunaijua treni ya bondeni. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Mombo iko chini yetu, zaidi ya kilomita 30 kutoka Lushoto mjini kwa barabara ya kona. Kwa miaka mingi haikupita treni ya abiria. Mwishoni mwa 2019 ikarudi. Tulikuwa tumeteremka na mzigo wa karoti tulipoipisha kwenye makutano, na namkumbuka akihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia kwenye goti. Sasa alihesabu hivyo hivyo juu ya meza, akinirekebisha. Mguu wangu ulikuwa unakimbia. Aliugonga kwa mguu wake mpaka ukatulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti ile kufanya muziki na mimi, na hakuna kati yetu aliyelitamka hilo.

Siku hizi anafanya kazi Lushoto mjini, kwenye duka la vipuri vya pikipiki, na analala huko siku za kazi. Mtandao wa mjini ni mzuri. Mwezi wa pili alianza kunitumia biti. Sikumwomba. Zinakuja usiku, kila moja na maelezo yake mafupi. "Ngoma nzuri, besi amelala." "Hii G ya uongo, iko juu kidogo." "Gitaa anajisikia." "Hii mwendo wake mzuri lakini kipimo cha tisa hawajakubaliana." Anasikia mambo ambayo mimi sikuyaorodhesha kwenye kanuni zangu za shambani. Hapendi biti iliyopimwa na mashine mpaka mwisho. Anasema ni kama kusukumwa mgongoni. Anataka nisikie mtu aliyeinua mkono na bado hajaushusha.

Kati ya zaidi ya thelathini alizonitumia, tano ndizo nzuri. Nimejifunza kuzipenda. Ijumaa akija nyumbani tunazipiga kwa spika ndogo ya dukani, ananisikiliza akiwa anamenya viazi, na nikipotea ananiacha nipotee.

Wiki iliyopita aliniletea moja kwa mkono, kwenye kadi, wakati angeweza kuituma. Nikaifungua nikidhani imeharibika. Ilikuwa ngoma na besi, G, mapigo 66. Hakuna gitaa kabisa. Nikamwambia hii imebaki na mahali patupu pawili, pa hamonika na pengine.

"Najua," akasema. "Hii usiiguse kwanza."

Nimeiweka kwenye faili ya peke yake. Jumamosi alipoondoka kuwahi gari la asubuhi, niliingia chumbani kwake kufungua dirisha. Mlango ulikuwa umefungwa nyuma yangu na gitaa lilikuwa kwenye msumari wake, isipokuwa nyuzi zilikuwa zimetolewa zote, na mezani palikuwa na pakiti mpya, haijafunguliwa. Kwa anayetaka kupiga kwa mkono wa pili, nyuzi hufungwa kinyume. Au huenda zilikuwa zimeshika kutu tu, kwa ukungu huu. Sikumuuliza. Nilifungua dirisha, nikatoka, nikaenda shambani kufanyia mazoezi biti nyingine.